Kuhama Chuo katika Mwaka wa Kwanza

Masomo: Mwanzo 13.1–13, Luka 14.28–30, Matendo 15.36–40



Vyuo vikuu vya nchi yetu hufunguliwa kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, na majuma machache tu baada ya hapo, katika nyumba nyingi za Wakristo huanza mazungumzo yale yale. Kijana aliyesindikizwa kwa sala na chai ya maziwa, aliyenunuliwa godoro na ndoo, anapiga simu na kusema kwamba chuo hakimfai, anataka kuhama. Baba anakasirika. Mama anakosa usingizi. Jumapili wanatungoja mlangoni baada ya ibada na kutuuliza: Je, tumruhusu au tumkataze? Tumeona ni vema tuliandikie jambo hili, kwa kuwa si la nyumba moja wala mbili.

Kwanza tuseme wazi kwamba kuhama si dhambi. Biblia imejaa watu waliohama. Ibrahimu alihama kwa kuitwa, Yakobo kwa njaa, Ruthu kwa upendo, na Bwana wetu mwenyewe alihamishwa kwenda Misri angali mtoto mchanga. Lakini Yona naye alisafiri, akajilipia nauli mwenyewe, na safari yake ilikuwa ya kumkimbia Mungu. Basi swali la Mkristo si kama anahama au hahami. Swali ni hili: anaitwa, au anakimbia?

Wazee wetu hawakuwa na maswali haya kwa wingi. Katika siku za Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kabla hakijagawanywa mwaka 1970, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Kubadili somo kuliweza kuwa kubadili nchi. Leo vyuo ni vingi. Kuna Dar es Salaam, Sokoine kule Morogoro, Mzumbe, Dodoma, na chuo cha Kanisa letu wenyewe cha Mtakatifu Yohana kilichoanza Dodoma mwaka 2007. Kijana huomba vyuo kadhaa, huenda akachaguliwa na zaidi ya kimoja, kisha hutakiwa athibitishe kimoja tu. Mahali penye milango mingi, mtu huketi chumba kimoja huku akikiwaza kingine.

Serikali kwa hekima imeweka utaratibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuomba uhamisho wa ndani, yaani kutoka kozi moja kwenda nyingine katika chuo kile kile, au uhamisho wa kwenda chuo kingine. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa muda mfupi na kufungwa. Chuo kinachompokea lazima kiwe na nafasi, na mwombaji lazima awe na sifa za kuingia katika kozi anayoitaka, kama vile angeomba upya. Mambo yote haya yako chini ya Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa hiyo kijana anayehama kwa utaratibu si mtoro, na asiitwe mtoro nyumbani kwao.

Sasa tumtazame Lutu. Ugomvi wa wachunga wake na wachunga wa Ibrahimu ulikuwa wa kweli. Malisho hayakuwatosha wote wawili. Kuondoka kwake hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa katika namna alivyochagua. Aliinua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji mengi, akalichukua. Hatusomi kwamba aliuliza habari za majirani, wala kwamba alimwomba shauri ami yake aliyekuwa amesimama pale pale, wala kwamba aliomba. Aliona maji, hakuona Sodoma.

Vijana wetu, jiulizeni mmeona nini huko mnakotaka kwenda. Kuna sababu njema za kuhama. Mwingine amepangiwa kozi isiyolingana na kipawa chake, na ile anayoiweza ina nafasi mahali pengine. Mwingine ana ugonjwa unaohitaji hospitali kubwa iliyo karibu. Mwingine mzazi wake amepooza, na hakuna wa kumwuguza isipokuwa yeye. Mwingine ada imezidi nguvu za ukoo mzima. Sababu kama hizo mzileteni mezani bila haya.

Lakini kuna sababu nyingine ambazo ni bonde la Yordani tu. Kijana ameudhiwa na vumbi la Dodoma au baridi ya Iringa. Ameona haya kulitaja jina la chuo chake mbele ya wenzake waliochaguliwa kwenda kwenye chuo kikubwa. Amemfuata mpenzi. Ameshindwa jaribio la kwanza, na anadhani mwalimu wa chuo kingine atakuwa na huruma zaidi. Na ya mwisho, ambayo ndiyo ya wengi, ni upweke. Hii tusiicheke. Mtoto aliyelala na wadogo zake chumba kimoja miaka yote, sasa yuko katika bweni la watu asiowajua, na hakuna anayemwita kwa jina lake la nyumbani. Anadhani ugonjwa wake ni chuo. Lakini upweke haubaki kituo cha basi. Hupanda pamoja na abiria na kushuka pamoja naye. Huyo ampe Mungu muhula mmoja. Atafute kanisa la karibu, ajitambulishe kwa kasisi, aimbe katika kwaya. Ikiwa baada ya hapo bado anaona ni lazima aondoke, ataondoka akiwa na moyo mtulivu.

La pili, Bwana wetu alitufundisha habari za mtu ajengaye mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza huku watu wakimcheka. Aliketi, hakuhesabu akiwa mbioni. Basi wazazi na vijana, ketini pamoja na karatasi na kalamu.

Andikeni ada iliyokwisha kulipwa, mkaulize chuo kinachoachwa ni kiasi gani kitarudishwa. Andikeni kodi ya chumba, maana wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja, na hawarudishi. Kama kijana ana mkopo wa Serikali, mkaulize Bodi ya Mikopo mapema, kwa kuwa fedha hazimfuati mwanafunzi siku ile ile anayofunga sanduku. Ni lazima taarifa zake zihamishwe kwanza, na katikati ya hapo kijana anaweza kukaa bila ile posho wanayoiita "boom". Je, mna cha kumlisha katika majuma hayo? Andikeni pia masomo. Muhula una majuma kama 15, na katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula na majaribio huchangia sehemu kubwa ya alama kabla hata ya mtihani wa mwisho. Anayefika wenzake wamekwisha fanya majaribio ataanza mbio akiwa nyuma.

Anayefikiria kuhama baada ya kumaliza muhula au mwaka, ajue kwamba masomo yake hupimwa kwa vipimo viitwavyo krediti. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Chuo kipya kitapokea zile krediti ambazo masomo yake yanafanana na ya kwake, na nyingine kinaweza kuzikataa. Mtu asidhani kwamba mwaka mzima utabebwa kama mzigo wa mahindi kutoka gari hili hadi lile.

Na jambo moja tunalisihi sana: kijana asiondoke chuo cha zamani kabla ya kupata barua ya kukubaliwa mkononi. Asipohudhuria huku na hajapokewa kule, atakuwa hana chuo. Tena jihadharini na vishoka, wale wanaodai kwamba wanajuana na wakubwa na kwamba kwa kiasi fulani watakamilisha uhamisho. Mlango wa uhamisho uko ofisi ya udahili, mchana kweupe. Anayekupitisha dirishani usiku anakuibia, na anakufundisha wizi wakati bado hujaanza hata kazi.

La tatu ni ukweli kwa wazazi. Hapa tunapenda kuwakumbusha habari za Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 28 Agosti. Alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Akiwa na miaka 16 alikatiza masomo kwa sababu baba yake alikosa fedha. Alikaa nyumbani bila kazi, na mwaka huo ulimharibu. Baadaye akasoma Karthago, na hatimaye akawa mwalimu huko. Lakini wanafunzi wa Karthago walikuwa wa fujo, nao aliposikia kwamba wale wa Roma ni watulivu, akaamua kuhama. Mama yake Monika alimfuata hadi pwani akilia, asitake kumwachilia. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu anayengoja upepo. Usiku ule, mama akiwa anasali katika kikanisa kilichokuwa karibu, mwana alipanda merikebu akaenda. Asubuhi mama alikuta bahari.

Alipofika Roma alikuta nini? Wanafunzi walikuwa watulivu kweli, lakini siku ya kulipa ada ilipokaribia walikula njama, wakahama wote kwa pamoja kwenda kwa mwalimu mwingine ili wasilipe. Ndivyo alivyojifunza kwamba kila chuo kina shida yake, na huwezi kuijua kwa kuambiwa. Kutoka Roma alikwenda Milano, akamsikia Askofu Ambrosi, na siku ya Pasaka mwaka 387 akabatizwa. Monika alikuwa amemfuata huko kwa kuvuka bahari, akaishuhudia siku hiyo kwa macho yake.

Basi tunaona mambo mawili. Mungu aliitumia safari ya Augustino, hata iliyoanza kwa uongo. Lakini uongo ulibaki uongo, na yeye mwenyewe baadaye aliuandika kwa majuto ili wengine wasome. Wako vijana ambao wamehama, au wamefukuzwa kwa kushindwa mitihani, ambako wenyewe wanakuita "kudisko", na nyumbani bado wanaambiwa kwamba masomo yanaendelea vizuri. Baba anauza ng'ombe kulipia chumba ambacho mtoto hayumo. Mama anashona nguo ya sherehe ya kuhitimu ambayo haitakuwako. Kijana unayesoma maneno haya, ikiwa ndiwe, piga simu leo. Hasira ya baba ya siku moja ni nyepesi kuliko uongo wa miaka mitatu. Ukiogopa kupiga peke yako, njoo kwetu, tutakwenda pamoja nawe.

Nanyi wazazi, tunawaombeni: fanyeni nyumba ambamo ukweli unaweza kusemwa. Mtoto husema uongo mahali ambapo ukweli umewahi kupigwa. Kozi aliyopangiwa ni ya kwake kuisoma, si ya ninyi kujivunia sokoni. Pengine ninyi ndio mlioichagua, na kila siku anaibeba kama gunia la mtu mwingine. Msikilizeni hadi mwisho kabla ya kutaja gharama. Kisha zitajeni, maana naye ni mtu mzima, na ni haki yake kujua ng'ombe walikwenda wapi.

La mwisho linatuhusu sisi sote. Yohane Marko aliondoka katikati ya safari ya kwanza ya Paulo, akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo hakutaka kumchukua tena, Barnaba alitaka. Mitume hao wakubwa wakagombana hata wakaachana kwa ajili ya kijana mmoja aliyerudi nyumbani. Lakini Barnaba alimchukua, na miaka ikapita, na tunasoma katika Waraka wa pili kwa Timotheo kwamba Paulo aliagiza Marko aletwe kwake, kwa kuwa anafaa. Kanisa limepata Injili ya Marko. Je, lingeipata kama wote wangekuwa na hukumu ya Paulo siku ile?

Basi kijana akirudi kijijini katikati ya mwaka na sanduku lake, tusisimame barazani tukihesabu sababu. Asiulizwe njiani mbele ya watu, "Vipi, umefukuzwa?" Akaribishwe kwaya ile ile aliyoiacha. Na waumini walio karibu na vyuo, mnapoona uso mgeni katika viti vya nyuma, mkaribisheni chakula cha mchana baada ya ibada. Pengine sahani moja ya ugali ndiyo itakayomfanya amalize mwaka.

Kwa wale waliokosa uhamisho, dirisha limefungwa na nafasi zimejaa, someni sura ya 29 ya Yeremia. Watu wa Mungu walipelekwa mahali ambapo hawakupachagua, na nabii aliwaandikia kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji ule. Hakuwaambia kwamba Babeli ni pazuri. Aliwaambia kwamba Mungu yupo huko pia, na kwamba bustani hupandwa mahali miguu ilipo.

Tuombe. Ee Bwana uliyemwongoza Ibrahimu katika nchi asiyoijua, waongoze vijana wetu walio vyuoni. Wanaopaswa kuondoka uwape barua kwa wakati na njia iliyo nyoofu. Wanaopaswa kubaki uwape rafiki mmoja wa kweli. Wanaodanganya uwape ujasiri wa kusema. Wazazi uwape masikio, nasi Kanisa lako utupe moyo wa Barnaba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.