Je, Aliyevunjika Moyo Amepungukiwa Imani?



Liko swali ambalo huzunguka kati yetu, ingawa si wengi wanaolitamka kwa sauti: je, Mkristo aliyevunjika moyo amepungukiwa imani? Wako wanaojibu upesi kwamba ndivyo ilivyo. Husema kuwa mtu aliyempokea Bwana hana sababu ya kuhuzunika, na kwamba uso uliokunjamana ni ushahidi wa moyo usiomtegemea Mungu. Mtu akija ibadani baada ya wiki mbaya huambiwa, "Wewe mwamini Mungu tu, ndugu yangu," kisha aliyesema maneno hayo hupanda baiskeli yake akaenda zake nyumbani kula. Sisi twaona yafaa jambo hili liangaliwe vizuri zaidi, kwa kuwa limewafanya baadhi yetu waanze kujificha. Huja kanisani wamevaa uso wa furaha kama vile mtu avaavyo nguo ya Pasaka, na wakifika nyumbani huuvua. Wengine hawaji tena kabisa, na sisi tunauliza kwa nini.

Hatusemi hapa habari za misiba mikubwa. Kwa misiba mikubwa tuna desturi zetu, tena ni njema. Kifo kikitokea Mikese, hata yule asiyemjua sana marehemu hufika na kuni au unga, akaketi, akanyamaza pamoja na wafiwa. Lakini hakuna matanga ya mahindi yaliyokauka. Hakuna anayekuja kulala kwako kwa sababu kuku wote wamekufa kwa mdondo, au kwa sababu mtoto amefeli mtihani wa darasa la saba, au kwa sababu ng'ombe wa watu wameingia shambani usiku, au kwa sababu kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ana miezi minane hajatuma salamu. Mambo haya ni madogo, mtu huona haya kuyalilia. Yakija moja moja huvumilika. Yakija manne katika msimu mmoja humlaza mtu chini, na kwa kuwa hakuna lililo kubwa kiasi cha kuitiwa majirani, hulala peke yake.

Chukueni habari ya mvua, kwa maana hiyo ndiyo inayotugusa wengi. Sisi tunakaa chini, kwenye joto, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, na milima ya Uluguru tunaiona. Kuna siku twaona mawingu yamelala juu ya milima, twajua kuwa wenzetu wa huko wanalowa, na huku kwetu udongo unatimka vumbi. Mwenye shamba amepanda kwa mvua za kwanza za vuli. Mbegu zimeota, jua limezipiga, zimekufa. Amekopa, amepanda tena. Zimekufa tena. Sasa mvua inanyesha siku mbili, naye amesimama mlangoni na deni la mbegu mara mbili, anajiuliza kama apande mara ya tatu.

Je, kupanda mara ya tatu ni tumaini au ni ukaidi? Hili ni swali la kweli, wala halijibiwi kwa wimbo. Anayemwambia, "Panda, Mungu atatenda," amesema neno kubwa kuliko alilopewa. Katika Mwanzo mlango wa 8 Mungu aliahidi kwamba majira ya kupanda na ya kuvuna hayatakoma duniani. Hakuahidi kwamba vuli ya mwaka huu itafika katika ekari mbili za mtu fulani. Nabii Habakuki alilijua hilo. Katika mlango wa 3 anahesabu mambo yote yanayoweza kukosekana, mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi, kisha anasema atamfurahia Bwana hata hivyo. Hakusema kwamba mtini utachanua kesho. Tumaini lake halikuwa utabiri wa hali ya hewa.

Tena yuko Yeremia, ambaye habari yake tunaipenda sana. Jeshi la Babeli limeuzingira mji wa Yerusalemu, yeye mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi, na wakati huo huo Bwana anamwagiza kununua shamba la ndugu yake kule Anathothi. Akalinunua kwa shekeli 17 za fedha, akapima fedha, akatia sahihi, akaita mashahidi, akaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mnunuzi gani hununua shamba ambalo adui amekwisha kulikanyaga? Na zaidi ya hapo, Maandiko hayatuambii kwamba Yeremia alililima. Mwisho wake tunamwona akichukuliwa kwenda Misri. Tumaini lake lilikuwa katika hati ile, kwa ajili ya watu ambao hangewaona.

Lakini wako watakaosema: Yeremia alikuwa hodari, sisi tumechoka. Basi na tumtazame mtu mwingine, aliyechoka kuliko sisi.

Katika 1 Wafalme mlango wa 18, Eliya alisimama juu ya mlima Karmeli na moto ukashuka. Hakuna atakayesema kwamba mtu yule alipungukiwa imani. Geuzeni ukurasa mmoja tu. Yezebeli ametuma neno la vitisho, na Eliya amekimbia mpaka Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, ameingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, ameketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mtu yule yule! Moto wa Karmeli haukumwekea akiba ya furaha. Basi Mungu alimfanya nini? Yafaa tuangalie kwa utaratibu, kwa maana sisi tungeanza na mahubiri.

Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, na malaika hakumkemea kwa kulala mara ya pili. Alimgusa tena, akamlisha tena, akakiri kwamba safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Hayo yote yalitangulia kabla ya neno lolote la kumwuliza. Kule Horebu akaulizwa anafanya nini hapo, akaeleza malalamiko yake. Akaulizwa mara ya pili, akayaeleza yale yale, karibu neno kwa neno, kama afanyavyo mtu mwenye uchungu, na Mungu akayasikiliza mara zote mbili. Ndipo akapewa kazi ya kufanya. Akapewa na mwenzake, Elisha, mwana wa Shafati, aliyekuwa akilima kwa ng'ombe jozi kumi na mbili. Akaambiwa pia kwamba alikuwa amekosea hesabu: alidhani amebaki peke yake, na kumbe walikuwako watu 7,000.

Usingizi, chakula, sikio la kusikiliza, kazi, mwenzi, na habari ya wengine. Kati ya hayo sita, hatuoni hata moja ambalo parokia ndogo kama yetu haiwezi kulitoa. Hata maombi yake ya kufa Eliya aliyapeleka kwa Mungu, hakuyapeleka mahali pengine. Kwa hiyo hata pale chini ya mretemu alikuwa bado anaomba. Mtu anayemlilia Mungu kwamba amechoka bado anaamini kwamba yuko wa kumsikia.

Kanisa letu lenyewe limezaliwa kwa watu wa namna hiyo. Alexander Mackay, yule fundi wa mitambo aliyetumwa na CMS, alifika Zanzibar mwaka 1876, akaanza safari ya bara, akaugua njiani akarudishwa pwani. Mwaka 1877 akasimamia kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, kama kilomita 370, ili mizigo ivutwe na ng'ombe badala ya kubebwa vichwani. Mbung'o wakawaua ng'ombe. Mwisho wa mwaka huo huo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Nyasi zikairudia barabara, na magari ya ng'ombe hayakuendelea. Mackay hakuendelea kununua ng'ombe kwa jina la imani. Alishika njia nyingine akafika Uganda mwezi wa Novemba 1878, akafanya kazi pande zile za Ziwa mpaka alipokufa Usambiro mwaka 1890, hajarudi kwao hata mara moja. Basi mwenye shamba wetu asidhani kwamba tumaini lamlazimisha kupanda mahindi yale yale. Kama wazee wanaoujua udongo wanasema atie mtama, au mihogo, atie; hajamkana Mungu kwa kubadili mbegu.

Halafu vita ya 1914. Reli ya Kati ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na kwa ajili ya reli hiyo Mikese haikuachwa na vita. Waingereza walipoutwaa mji wa Morogoro mwezi wa Agosti 1916, Mikese ikawa mahali pa kushushia mizigo ya jeshi, na kutoka hapa wapagazi wakaisukuma kusini kwenda Duthumi na Rufiji, katika matope na homa. Watu wengi hawakurudi makwao. Kwa upande wa Kanisa, wamisionari wa CMS walikuwa wamefungwa na Wadachi, na walimu Waafrika wakakamatwa, wakapigwa, wengine wakafa. Vita ikaisha, na CMS kule London ikaona haina fedha za kutosha, ikafikiri kuiacha kazi ya nchi hii. Fikirini kuwa mwalimu wa kijijini katika miaka ile: umetoka kifungoni, mishahara ni haba, na wale waliokuletea Injili wanashauriana kuondoka. Walimu wale wakaendelea kufundisha watoto a, e, i, o, u, na Sala ya Bwana. Majina ya wengi wao hatunayo. Mwaka 1927 CMS ya Australia ikaipokea kazi, ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers. Na mwaka 1965 ikatoka humo Dayosisi yetu ya Morogoro, na Askofu Gresford Chitemo akawa wa kwanza. Kama walimu wale wangengoja mpaka wajisikie vizuri moyoni, wageni wale wa mwaka 1927 wangekuta nini cha kupokea?

Twarudi kwa mtu wetu mlangoni. Mtume Yakobo, katika mlango wa 2 wa waraka wake, ana neno kali juu ya Mkristo anayemwambia ndugu asiye na nguo wala riziki aende kwa amani akaote moto na kushiba, wala hampi kitu. Twaogopa kwamba "Mwamini Mungu tu" yetu ni ndugu ya maneno hayo. Tumaini tunalomhubiria mwenzetu bila kutugharimu chochote ni rahisi mno. Kama kweli twaona apande mara ya tatu, basi tushiriki katika hasara: mbegu iwe yetu, na deni lisiwe lake peke yake. Kama hatuko tayari kutoa hata kibaba, afadhali tuketi naye tunyamaze, kama tufanyavyo msibani.

Neno moja tuliseme hapa, ingawa linatutoa kidogo njiani. Iko huzuni isiyoondoka. Mtu halali wiki nyingi, au halishiki jembe tena, au anasema afadhali asingekuwako. Huyu asiambiwe kwamba ana pepo au dhambi ya siri. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, na mmoja wetu afuatane naye. Malaika alianza na mwili wa Eliya.

Mvua za vuli huja karibu na Majilio, wakati Kanisa linapojifunza kungoja. Kabla ya mvua hizo twabariki mbegu. Twapendekeza kwamba safari hii, kila nyumba yenye mbegu ilete kibaba kimoja zaidi ya zile za kubarikiwa, cha mahindi, mtama, au ufuta, kiwekwe katika debe moja karibu na mlango na kufunikwa. Debe hilo lisifunguliwe siku hiyo. Lifunguliwe jua likishapiga mara ya kwanza, na mwenye kuhitaji achote mwenyewe, asiulizwe amepanda mara ngapi wala asitajwe katika matangazo. Wazee wa kanisa watazame ni nani hajaonekana ibadani majuma matatu, na akina mama wawili wampelekee nyumbani kwake, pamoja na chakula kilichopikwa, wakae mpaka ale.

Sisi wenu katika Bwana.