Makofi Kabla ya Kusoma

Tarehe 7 Julai mwaka jana, Siku ya Kiswahili Duniani, nilikuwa nyumbani Kasoli, wilayani Bariadi. Tulikuwa tumetoka kupima pamba. Nikakaa chini ya mwembe na kuweka mtandaoni picha ya jalada la Dhifa, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 2008. Chini yake nikaandika, "Gwiji wetu!" Pongezi zikamiminika. Babu akauliza ninafurahia nini. Nikamwambia ninamsifu mshairi wa Ukerewe.

"Anasemaje?"

Nikanyamaza. Kitabu nilikuwa nacho tangu muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, na sikuwa nimevuka kurasa za mwanzo.

Babu hakunikemea. Alinikumbusha mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. "Pale, mjukuu wangu, ukitaka kumsifu manju unakwenda kwa miguu yako, unasimama juani, unasikiliza. Ninyi mnasifu mkiwa mmekaa."

Je, ni kosa kulisifu shairi usilolisoma? Nilijitetea moyoni kwamba shangwe zina kazi yake. Mwaka 2015 Mohammed Ghassani aliposhinda tuzo ya Mabati-Cornell kwa diwani yake ya N'na Kwetu, jina lake liliwafikia wengi ambao wasingelijua. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere nayo imewapa washairi jukwaa. Shangwe hufungua mlango. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni miaka miwili, nikipiga makofi.

Kisha nikafikiria Kichomi. Kezilahabi alipoitoa mwaka 1974, bila kufuata vina na mizani, wanamapokeo walikuja juu. Walisema hayo si mashairi. Mabishano yakadumu miaka. Darasani tumezoea kuwacheka wazee wale, ila leo naona walimheshimu kuliko nilivyomheshimu mimi. Ili kumkataa, ilibidi waangalie mistari yake, waone kilichokosekana, watoe hoja. Mtu anayekupinga kwa hoja amekusikia. Anayekuita gwiji bila kukusoma amekunyima hata nafasi ya kumchukiza.

Na aliyekufa hadhuriki sana na uongo wangu. Aliye hai hudhurika. Rafiki yangu mmoja chuoni alikuwa akinitumia mashairi yake usiku. Nilimjibu kwa alama za moto, tatu au nne, ndani ya dakika hiyohiyo. Siku moja aliniuliza ni mstari upi ulionigusa. Nikamwambia, "Yote, kaka." Hajanitumia tena shairi. Nadhani alichotaka ni msomaji mmoja, nami nikampa shabiki.

Basi jioni ile nilichukua Dhifa, nikamsomea babu shairi moja, polepole, nikijikwaa. Alisikiliza huku akimenya muwa. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Halichezeki," alisema. Nikaanza kulitetea, nikagundua sijui pa kuanzia, kwa kuwa hata mimi ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia.

"Hebu rudia," akasema.