Mrithi Apimwe kwa Kipimo Gani?

Je, ni haki kumlaumu mrithi kwa kufanana mno na aliyemrithi? Swali hili lilizuka mwaka 2019, ulipotoka mchezo wa video uitwao Bloodstained: Ritual of the Night. Kiongozi wake, Koji Igarashi wa Japani, alishiriki kutengeneza Castlevania: Symphony of the Night ya mwaka 1997, ambamo mchezaji hupekua ngome chumba baada ya chumba akipigana na mazimwi. Jina la kale lilibaki kwa kampuni ya Konami, aliyoiacha mwaka 2014. Yeye aliondoka na ujuzi wake. Wahakiki wengi waliisifu ladha ile ya zamani. Wengine walinung'unika kwamba imezeeka.

Mimi nasema ahadi ni deni. Mwaka 2015 watu zaidi ya 64,000 walichanga zaidi ya dola milioni 5 wapate mchezo wa namna ile ile. Kuwapa walichoahidiwa si uvivu, ni uaminifu. Lawama ya haki ni nyingine: kwenye mashine ya Nintendo Switch mchezo ulitoka ukisuasua, na waliouchagua huko nao walikuwa wamelipa. Basi, msomaji, tumpime mrithi kwa ahadi yake, si kwa kiu yetu ya mambo mapya.