Sanamu ya Tartini ni ya Nani?

Katika uwanja mkuu wa Piran, mji mdogo wa pwani ya Slovenia, imesimama sanamu ya shaba ya Giuseppe Tartini, mtunzi na mpiga fidla aliyezaliwa hapo mwaka 1692. Leo Slovenia inaitunza kama sehemu ya urithi wake. Je, ina haki hiyo? Tartini alizaliwa chini ya Jamhuri ya Venice, akafia Padua mwaka 1770, wala hakupata kuijua nchi iitwayo Slovenia. Sanamu yenyewe, kazi ya Antonio Dal Zotto, ilizinduliwa mwaka 1896, enzi za dola ya Austria. Wenyeji wasemao Kitaliano walimuenzi mwana wao, na papo hapo wakatangaza kwamba mji ni wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengi wao walihama. Shaba ikabaki.

Wapo wasemao kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kumbukumbu. Siwaafiki. Jacobus Gallus, mtunzi aliyetoka Carniola, alifia Prague mwaka 1591. Kwa kanuni hiyo Ljubljana ingekosa haki ya kumwekea sanamu, nayo imemwekea.

Naona afadhali tuiite amana. Sisi tulioacha makaburi ya wazee wetu mikononi mwa majirani twaijua amana ya namna hiyo. Piran haikuivunja sanamu ya waliohama, na hilo si jambo dogo. Lakini mtunza amana hafuti jina la aliyeiweka. Kitaliano kingali lugha rasmi mjini humo. Mgeni apigaye picha uwanjani bila kuambiwa ni akina nani walioisimamisha, na kwa nini hawapo, ameonyeshwa nusu tu ya sanamu.