Meza ya Chai ya Binti Zetu

Imezuka desturi mijini ya kuwaandalia watoto wa kike karamu za chai zenye pambo moja. Pengine wote huambiwa waje na magauni ya rangi ya waridi, pengine huvikwa taji kama binti za wafalme. Birika na vikombe hupangwa juu ya kitambaa cheupe, na keki hupakwa rangi ile ile. Wazee wengine hunung'unika, wakisema watoto wafundishwa majivuno. Wengine hujibu kwamba ni mchezo tu. Basi twauliza: je, karamu hii yamfunza mtoto upendo, au kiburi?

Kwanza tuukiri wema wake. Mtoto ammiminiaye mwenziwe chai kabla ya kujimiminia mwenyewe amejifunza neno kubwa. Kungoja zamu, kushukuru, kumsikiliza mwingine asemapo: haya hayafundishwi kwa maneno matupu, bali kwa kuyatenda. Wala uzuri si dhambi, maana Mungu mwenyewe huyapamba maua ya kondeni.

Lakini mwaliko ni mlango, na mlango hufungua, tena hufunga. Watoto waambiwapo, "Njoni na gauni la waridi," yule ambaye mama yake hana fedha za gauni amekwisha kufungiwa nje, ingawa hakuna aliyemfukuza. Hapo ndipo penye hatari: twamwumiza mtoto, na dhamiri haitushitaki, kwa kuwa hatukumtaja jina. Kadhalika tukiwaalika wale tu watakaotualika nasi, hiyo si karamu, ni biashara. Bwana wetu alituonya juu ya neno hilo katika Luka 14.

Tena meza ya chai yaweza kuwakumbuka wasioketi penye meza hiyo. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa kukomesha biashara ya watumwa. Ndipo jamaa nyingi za nchi ile, na akina mama wakiwa mbele, wakaacha kutia katika chai yao sukari iliyotoka katika mashamba ya watumwa ya West Indies. Sheria ya kuikataza biashara ile ilipatikana mwaka 1807. Watumwa wale hawakualikwa katika nyumba zile, lakini walikumbukwa humo kila alasiri. Nasi tunywao chai ya Usambara, je, twawakumbuka wenye mikono iliyoyachuma majani yale?

Basi, akina mama, waandalieni watoto karamu, tena iwe nzuri. Lakini chagueni pambo ambalo kila mtoto aweza kulileta: ua la njiani, au wimbo, au hadithi ya bibi yake. Na kabla ya kuandika majina ya wageni, mwulizeni binti yenu, "Ni nani asiyealikwa kamwe?" Jina atakalolitaja na liandikwe la kwanza.