Kiti cha Nani?

Huku Uganda baiskeli ya kubeba watu ina viti viwili. Nyuma, juu ya keria, abiria huwekewa mto wa sponji. Mbele, anayekanyaga pedali huketi juu ya kiti chembamba, kigumu. Ndivyo nionavyo Busia, mpakani, ambako usafiri huu ulianza miaka ya 1960 na kupata jina la bodaboda. Je, ni haki anayefanya kazi akae pagumu na anayebebwa akae palipo laini?

Mimi huenda chuoni kwa baiskeli, basi swali hili nalijua hata kwa mwili. Wengi hujibu upesi kwamba mwenye pesa ndiye mwenye mto. Lakini anayekanyaga ana mahitaji mengine. Uzito wake unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Sponji ikiwa nene, mifupa hudidimia, nyama ya katikati ikabanwa, na safari ikiwa ndefu ganzi huingia. Kwa hiyo ugumu wenyewe si dhuluma.

Dhuluma naiona kwingine. Wengi huendesha baiskeli za kukodi. Kiti kimefungwa kwa kimo cha mtu mwingine, pua yake imeinuka, na spana anayo mwenye mali. Abiria akilalamika, mto huongezwa, maana kesho atapanda ya jirani. Mwendeshaji akilalamika huambiwa, "Utazoea." Namjua mmoja anayetembea na spana yake mfukoni. Kila alfajiri hushusha pua ya kiti. Jioni mwenye baiskeli huirudisha ilivyokuwa.