Kazi Ipo, Ujira U Wapi?

Majuma machache yaliyopita alitujia ofisini mzee mmoja, mkulima wa kahawa. Binti yake amepata nafasi ya kusoma shahada ya filamu na habari, naye hajui kama auze ng'ombe amlipie karo, au amshurutishe kuchagua ualimu. "Padre," alituambia, "mtoto akisomea uganga najua ataketi wapi. Huyu akimaliza ataketi wapi?"

Swali hilo si la kuchekwa. Stesheni za televisheni za watu binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, ajuaye kamera alitafutwa. Leo masomo ya habari yafundishwa katika vyuo vingi, tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hata Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, na stesheni haziwezi kuwapokea wahitimu wote. Wengi huingia kwa jina la kujitolea. Hupewa nauli, na wengine hata nauli hawaioni. Chuo kinachopokea karo bila kumweleza mwanafunzi habari hizi chamkosea haki.

Hata hivyo hatukubaliani na wasemao kwamba kazi yenyewe haipo. Ni arusi gani siku hizi, au kipaimara, au mahafali, au mazishi ya mtu mkubwa, isiyo na kamera? Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilioneshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Na mzee adhaniye kwamba sinema ni kazi ya wahuni na akumbuke kuwa Rashidi Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, naye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Kazi, basi, ipo. Kinachokosekana ni ujira. Na ujira huo, kwa sehemu kubwa, umo mikononi mwetu sisi tunaouliza.

Tuingie katika kikao cha arusi. Mweka hazina asoma makadirio: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, mshereheshaji, gari la maharusi. Yote yapita. Afikapo kwenye picha na video, mtu anyosha mkono: "Hapo tupunguze. Tuna kijana wetu, mtoto wa shangazi, amesomea mambo hayo." Makofi yapigwa. Kijana huyo atasimama tangu asubuhi nyumbani kwa bibi arusi hata usiku wa manane ukumbini. Atakula mwisho, ikiwa chakula kimebaki. Kisha atakaa siku kadhaa mbele ya kompyuta akichagua picha, akiziunganisha na kuisafisha sauti. Kamera yenyewe ameikodi. Malipo yake ni asante, na baada ya juma moja apigiwa simu kuulizwa mbona achelewa. Mwezi ujao shangazi yule yule atalalamika kwamba mwanawe alisoma bure.

Wala sisi wa parokiani tusijitoe. Twaijua jubilei moja ya upadre ambayo mpishi alilipwa, mwenye mahema akalipwa, na kijana wa video akaambiwa kwamba yeye amelitumikia Kanisa. (Mwenye mahema sijui alimtumikia nani.)

Mtu atajibu: kijana alikubali mwenyewe. Jibu hilo ni la zamani, na Papa Leo wa 13 alilipima mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, ikiwa mfanyakazi amepokea kidogo kwa kusukumwa na shida. Aliandika juu ya hali ya wafanyakazi wa zama za viwanda. Lakini hatuoni kwa nini mwenye kamera aachwe nje. Tena kwetu undugu wazidi kumbana. Mgeni aweza kukataa. Mtoto wa shangazi atakataaje? Kusaidiana ni jambo jema, na zawadi ni zawadi. Ila zawadi hutolewa na mwenyewe, haipitishwi na kikao ambacho hakuhudhuria.

Hatusemi kila ashikaye kamera ni fundi. Aliyewakalisha maharusi mwaka mzima bila kuwapa picha zao, naye hana haki ya kulalamika.

Yule mzee tulimshauri kwamba, kabla ya ng'ombe kwenda mnadani, binti aende chuoni aulize saa ngapi kwa juma mwanafunzi hushika kamera kwa mikono yake, na wahitimu wa mwaka jana wako wapi. Ajifunze pia sauti na uhariri, na kuandika mapatano kabla ya kuanza kazi. Kisha tukamwuliza kama ana arusi karibuni. Alifurahi, akasema kaka yake binti huyo aoa mwezi wa Desemba, na binti ndiye atakayepiga video.

Tulimwuliza kamati imemwekea shilingi ngapi. Mzee aliitazama kofia yake mapajani, akasema kikao kijacho ni Jumapili.